Majivu ya Mtambile, Mawe ya Jambiani

Kwetu Mtambile, Pemba, majivu hayatupwi. Bibi yangu alikuwa akiyazoa mafigani kila asubuhi kabla hajakoka moto, akayatia kwenye debe kuukuu, na jioni akapita nayo kwenye matuta ya mchicha akiyanyunyiza taratibu kwa mkono, kama anayelisha kuku. Mchicha wake ulitoa majani mapana kama viganja vya mtu mzima. Mabilingani yalizaa mpaka matawi yakawekewa miti ya kuegemea. Sikumuuliza hata siku moja kwa nini anatia majivu. Nililiona jambo hilo tangu najifunza kutembea, na kitu ulichokizoea hivyo hukiulizi.

Mwaka 2014 nikaolewa Jambiani, kusini mashariki ya Unguja. Nilipanda meli Mkoani nikiwa na mbegu za mchicha, bamia na tungule (nyanya) nimezifunga kwenye ncha ya kanga, na kichwani nina kilimo chote cha bibi. Nyumba yetu iko upande wa juu wa kijiji, ukishavuka barabara ya lami unaelekea maweni. Siku ya kwanza nilipochukua jembe kwenda nyuma ya nyumba, pigo la kwanza liliingia vidole vitatu, likagonga jiwe, mikono ikafa ganzi hadi mabegani. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa barazani anasokota kamba ya usumba. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, huku jembe letu ni mtaimbo."

Nilimsikia lakini sikumwelewa. Nikakwangua udongo uliokuwepo, nikaukusanya, nikapiga matuta matatu marefu kama ya kwetu, nikatia samadi kidogo na majivu mengi. Mbegu ziliota vizuri. Wiki ya tatu miche ikaanza kupauka. Majani machanga, yale ya juu kabisa, yaligeuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, kama mtu aliyeichora kwa kalamu. Nikadhani ni njaa, nikaongeza majivu. Hali ikazidi. Vuli iliyofuata nikaanza upya na majivu mara mbili ya yale ya kwanza, na bamia zikafika futi moja tu, zikatoa ua moja moja, zikaishia hapo. Niliyaona matuta yale kila nilipotoka kuteka maji, na kila nilipoyaona niliumia. Kwa mtu aliyelelewa bustanini, kununua fungu la mchicha dukani ni jambo linalouma kuliko bei yake.

Aliyenifungua macho ni bwana shamba mmoja aliyekuja kijijini kwa mambo ya minazi. Mume wangu alimwomba apite kwetu. Alichuchumaa, akashika jani, akaligeuza, halafu akaniuliza, "Dada, una siki ndani?" Nikamletea. Akachota udongo kidogo akauweka kwenye kisahani, akaumiminia siki. Udongo ukachemka. Ulitoa povu na sauti ndogo, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Kisha akauliza nimekuwa nikitia nini. Nikamwambia majivu. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Unampa chumvi mwenye kiu."

Siku hiyo ndiyo niliyoijua ardhi niliyoolewa juu yake. Jiwe la maweni ni matumbawe ya kale, na matumbawe ni chokaa. Ni jiwe lile lile ambalo watu wa visiwa hivi wamelichoma kwenye matanuri kwa karne nyingi wakapata chokaa ya kujengea nyumba na misikiti. Udongo mwembamba ulioko juu yake umejaa chokaa hiyo, na siki ikikutana na chokaa hutoa povu. Ukikosa siki, kamua ndimu, utaona vile vile. Udongo wa namna hii kipimo chake cha pH, kile cha uchachu ambacho kadiri kinavyopanda uchachu hupungua, huwa juu, kwenye 8 au karibu yake, na mboga nyingi hupenda kati ya 6 na 7. Chuma kimo ardhini, lakini kimejifunga na mizizi haiwezi kukichukua. Fosforasi nayo hushikwa na chokaa. Zinki hivyo hivyo. Mmea unakaa juu ya chakula na unashinda na njaa. Majivu ya kuni nayo ni ndugu wa chokaa, yanapandisha pH zaidi. Kila ndoo niliyomwaga ilikuwa inaongeza kufuli juu ya kufuli.

Bibi yangu hakukosea. Hilo nalisema kwa nguvu, kwa sababu nilipita kipindi cha kudhani kwamba mambo ya wazee yalikuwa ya kubahatisha. Pemba inapata mvua nyingi kuliko Unguja, na vilima vyetu vya karafuu vimeoshwa na mvua hizo miaka na miaka, chokaa yake imechukuliwa na maji, udongo umekuwa mchachu. Udongo mchachu unahitaji kitu cha kuupunguzia uchachu, na majivu yanafanya kazi hiyo, tena yanaleta potasiamu juu yake. Bibi alikuwa anatibu ugonjwa wa pale. Mimi nilichukua dawa yake nikampa mgonjwa mwingine. Na hata Pemba kwenyewe mambo si mamoja: nenda Micheweni utakuta maweni kama haya ya Jambiani, na sidhani kama mtu wa kule atakuwa na haja ya majivu ya Mtambile.

Wazee wa Unguja wana majina yao ya udongo, na natamani watoto wafundishwe skuli majina haya kabla ya jambo jingine lolote la kilimo. Kinongo ni ule mwekundu wenye kina, ndio wa mashamba ya miti. Kichanga kinajieleza chenyewe. Kinamo ni ule wa mabondeni unaoganda miguuni wakati wa masika na kupasuka wakati wa jua, wa mpunga. Na uwanda ni nchi yetu hii ya mawe na vichaka. Mtu akikwambia "tia hiki kwenye bustani yako", muulize kwanza yeye amekaa kwenye udongo upi.

Kama huna mtu wa kukuambia, chukua chupa ya kioo, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji, funga, tikisa mpaka uchoke, kisha iache isitikisike. Mchanga utatua chini kabla hujamaliza kuhesabu mpaka sitini. Ile laini inayofuata itachukua saa chache. Mfinyanzi wenyewe utahitaji siku nzima au zaidi, na takataka za majani zitaelea juu. Utaona tabaka kwa macho yako. Kwangu tabaka la mfinyanzi lilikuwa kama uzi, na juu hakuna kilichoelea. Hapo nikajua kwamba zaidi ya chokaa, udongo wangu haukuwa na uozo wowote ndani yake.

Kabla sijafika kwenye uozo, niseme kuhusu udongo wa kununua, maana wengi wanauliza kwa nini nisingeleta gari moja la udongo mwekundu nikamaliza kazi. Nilileta. Mwaka 2016 tulichanga fedha, mimi na mume wangu, tukamlipa mtu atuletee gari la kinongo. Uliposhushwa ulikuwa mwekundu wa kupendeza. Ilipopita mvua ya kwanza na jua la siku nne, ukawa tofali. Alichotuletea ni udongo wa chini, uliochimbwa kwenye kina ambako hakuna mzizi wala mdudu, na sisi tulikuwa hatujui kuutofautisha. Fedha zile zilituuma. Lakini kilichoniuma zaidi, nilipokuja kufikiri, ni kwamba mahali fulani kisiwani humu pana shimo lililobaki kwa sababu yangu. Kisiwa ni kidogo. Ukihamisha udongo kutoka shamba moja kwenda jengine hujaongeza hata kiganja.

Mama mkwe ndiye aliyenionyesha mtaimbo unafanya nini. Jiwe la maweni si sahani moja, lina mifuko. Ukigongagonga unasikia penye sauti ya utupu, unachokonoa hapo, na mara nyingi unakuta tundu lenye udongo mwekundu mwororo lililojificha baina ya mawe. Wenyeji wamelima hivyo siku zote: mpapai kwenye mfuko huu, muhogo kwenye ule, kunde pembeni. Mimi nilikuwa napiga matuta ya kuinua udongo juu, jambo la kufaa Pemba ambako maji yanatuama na mizizi ikaoza. Jambiani maji hayatuami. Jiwe linainywa mvua yote kabla hujaingia ndani kuchukua ndoo. Hapa tuta linatakiwa liwe shimo.

Basi tukachimba vishimo, futi mbili upana na futi moja na nusu kwenda chini pale jiwe liliporuhusu. Chini kabisa tulipanga makumbi ya nazi, upande wa ndani ukiangalia juu kama bakuli, kwa sababu kumbi linafyonza maji na kuyashika siku nyingi. Hapa pana jambo la kuangalia. Jambiani wanawake hufukia makumbi pwani miezi mingi ili walainishe usumba wa kusokotea kamba, na makumbi ya pwani yamejaa chumvi. Usiyatie hayo. Chukua makavu, yaliyotoka kufuliwa chini ya mnazi. Juu ya makumbi tulitia majani makavu, juu yake samadi ya ng'ombe iliyokaa, na juu kabisa udongo wetu wa mifukoni uliochanganywa na mboji. Tukamwagia maji, tukaacha wiki tatu litulie na kushuka, ndipo tukapanda.

Mboji ndiyo habari yenyewe. Nchi ya chokaa haibadiliki ikawa nyengine. Jiwe liko chini na litaendelea kuyeyuka kidogo kidogo maisha yako yote. Unachoweza kufanya ni kuujaza udongo uozo, kwa sababu kitu kinapooza hutoa tindikali nyepesi karibu na mizizi, na tindikali hizo ndizo zinazokifungua chuma na fosforasi vilivyofungwa. Uozo unashika maji, unalisha nyungunyungu. Sijaona kitu kingine cha kumfaa mtu wa maweni kuliko kujifunza kuozesha vizuri.

Na chakula cha kuozesha kijijini petu kinatupwa kila siku. Chicha la nazi, ambalo kila nyumba inalitoa mchana baada ya kukamua tui. Maganda ya muhogo na ndizi. Majani ya mwarobaini na mronge. Mavi ya mbuzi. Matumbo ya samaki na vichwa vya dagaa, ambavyo lazima vifukiwe katikati ya lundo, si juu, la sivyo utalisha paka wa kijiji kizima. Na mwani.

Kuhusu mwani nitasema kwa kirefu kidogo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii ya mashariki mwaka 1989, na mama mkwe ni miongoni mwa wanawake walioingia baharini miaka ile ya mwanzo. Anaujua mwani kuliko anavyonijua mimi. Ule unaokatika kambani na kutupwa na mawimbi, na ule unaoharibika mpaka hauuziki, hubaki ufukweni ukikauka. Una potasiamu nyingi na madini madogo madogo ya baharini. Lakini una chumvi, na chumvi bustanini ni balaa jengine. Kwa hivyo tunaukusanya mwishoni mwa kaskazi, tunautandaza chini ya michirizi ya bati, na mvua za masika zinauosha bila ya sisi kubeba ndoo. Mama mkwe ana kipimo chake: anavunja kipande, anakitafuna. Kikiwa bado na ladha ya bahari, anakirudisha. Kazi nyengine ni kutoa kamba zile nyembamba za taitai zinazofungiwa mbegu za mwani, kwa sababu ni za plastiki, haziozi, na zinajiviringa kwenye mizizi. Mwanangu wa kwanza alijifunza kuhesabu kwa kuzitoa taitai kwenye mwani.

Lundo tunalipanga tabaka kwa tabaka, vitu vikavu sehemu tatu na vibichi sehemu moja, kwa kukisia pakacha. Vikavu ni majani, makuti yaliyokatwakatwa, mabua. Vibichi ni vyote vilivyobaki, pamoja na samadi. Kila tabaka linapigwa maji mpaka ukilifinya liwe kama kitambaa kilichokamuliwa: kinyevu, hakidondoki. Baada ya siku tatu nne lundo linapata moto. Chomeka mtaimbo katikati, subiri kidogo, uchomoe. Ukishindwa kuushika, lundo limefika pale linapotakiwa, kwenye nyuzi 55 na zaidi, na mbegu nyingi za magugu zinakufa humo. Likianza kupoa, ligeuze. Likinuka vibaya limelowa mno, ongeza vikavu. Likikaa kimya wiki mbili bila ya joto, lina kiu au linataka samadi. Wakati wa masika lifunike kwa makuti, kwani mvua ya hapa inapita ndani ya lundo na kuondoka na utamu wake wote. Miezi mitatu minne baadaye kinatoka kitu cheusi, kinanukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza, na huwezi tena kujua lipi lilikuwa chicha na lipi lilikuwa mwani.

Sitii majivu kwenye lundo. Hata kidogo.

Mavi ya kuku nayatumia, lakini yakiwa mabichi yanaunguza miche, kwa hivyo yanapita kwenye lundo kwanza. Mbolea ya dukani siichukii. Yuria nimewahi kuitumia kwenye mchicha ulionyong'onyea, na ilisaidia. Ila kwenye udongo wa chokaa ukiinyunyiza juu na kuiacha, sehemu kubwa inageuka hewa na kupotea. Lazima ifukiwe na kumwagiwa maji papo hapo. Na haifungui chuma. Mtu anayeona majani ya manjano akakimbilia yuria ajiulize kwanza ni majani yapi. Yakipauka ya chini, yale makongwe, jani zima, mmea unalilia naitrojeni na yuria itafaa. Yakipauka ya juu, machanga, na mishipa imebaki kijani, ni chuma, na yuria haitakusaidia kitu. Kama mtu angeniambia jambo hili moja mwaka 2014 ningeokoa misimu miwili ya maisha yangu.

Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi, kama visima vingi vilivyo karibu na pwani. Mchicha unayavumilia. Matembele pia. Maharage hayataki, na karoti nimeacha kujaribu. Tunamwagia jioni, shinani, si juu ya majani, na udongo wote tunaufunika kwa makuti na majani makavu kiasi cha kidole kwa urefu. Jua likipiga udongo mtupu, maji yanapanda kama moshi na chumvi inabaki juu, nyeupe, unaiona kwa macho. Chini ya matandazo hali hiyo hupungua, na masika yanapokuja yanaosha kilichobaki.

Jambo moja lilinivunja moyo mwaka wa tatu. Bustani ilikuwa imependeza, mchicha na mnavu tele, bamia za kugawa kwa jirani. Nikadhani nimemaliza, nikapumzika msimu mmoja bila ya kutia mboji. Vuli ilipokuja udongo ulikuwa umerudi kijivu, mwepesi, kama sikuugusa. Joto la visiwa vyetu linakula uozo haraka mno. Katika nchi za baridi mboji ya mwaka huu inaonekana hata mwaka wa kesho kutwa. Kwetu unailisha leo na baada ya mvua mbili ardhi inakuuliza nyengine. Tangu hapo kila kishimo kinapata mboji mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Kwa jaruba la mita moja kwa tatu ninatia ndoo tatu za lita 20, ambazo zikitandazwa zinafika unene wa sentimita mbili. Baina ya misimu napanda kunde, nakula majani yake, na zikianza kuchoka nazikata na kuziacha pale pale, mizizi ikibaki ardhini na naitrojeni yake.

Tungule ndizo zilizochelewa kuliko vyote. Zilikubali mwaka 2018, kwenye kishimo kilichokuwa kimekula mwani mara tatu. Mama mkwe alichuma ya kwanza, akaipasua kwa kidole, akainyunyizia chumvi, akanipa nusu.

Vuli iliyopita mama yangu alivuka kuja kutuangalia. Asubuhi ya pili nikamwona anatoka jikoni na debe, anaelekea bustanini, mkono umeshazama kwenye majivu. Niliita kwa sauti mpaka mwenyewe nikaona haya. "Mama, usimwage hapo!" Akasimama. Nikaleta kisahani na siki, nikachota udongo wa pembeni ambao haujawahi kulishwa, nikamwonyesha. Akainama kuusikiliza ule mchemko, akaniangalia, akarudia yeye mwenyewe kumimina.

"Sasa haya mnayafanyia nini?" akauliza, debe lingali mkononi.

Nikamwambia tunasugulia masufuria. Akatikisa kichwa. Akaomba mbegu za kunde nilizokuwa nimezianika kwenye ungo, akatafuta chupa kavu yenye mdomo mpana, akatia majivu, akatia kunde, akatia majivu, mpaka chupa ikajaa. "Wadudu hawatazigusa," akasema. Chupa iko juu ya kabati. Wiki ijayo naifungua, vishimo vinne vya upande wa mronge viko tayari.